Eti zamani watu hawakuumwa? Mpe mtoto jiwe la kusagia ajionee

*Wapo wanaakiolojia wanaoyarudia maisha ya kale kwa mikono yao: wanasaga, wanapika kwa kuni, wanafukia nafaka ardhini na kuyeyusha chuma. Majibu wanayopata yanaweza kumsaidia mzazi kumfundisha mtoto historia na afya kwa wakati mmoja.*

Ni kauli inayosikika katika nyumba nyingi, hasa mtoto anapokataa mlenda au anapoomba hela ya soda. Anaambiwa kuwa zamani watu walikula vya asili, walitembea kwa miguu, hawakujua presha wala kisukari, na ndiyo maana hawakuumwa.

Mtoto akiisikia mara nyingi huishia pande mbili. Ama anaamini kwamba zamani kulikuwa kama peponi, ama anaona ni maneno ya wakubwa ya kumlazimisha kula mboga. Kote kuwili hajajifunza kitu, kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kuhakikisha.

Tawi moja la akiolojia linafanya kazi hiyo ya kuhakikisha. Linaitwa akiolojia ya majaribio. Wataalamu wake hawaishii kuchimba vigae na mifupa na kuviweka kwenye kabati la makumbusho. Wanatengeneza upya kifaa, nyumba au chakula cha kale kwa kutumia malighafi na zana zilezile, kisha wanapima kinachotokea.

Kwa mzazi, somo lao lina pande mbili. Majaribio yameonyesha kuwa babu na bibi zetu walikuwa na akili na ufundi kuliko tunavyowasimulia watoto. Yameonyesha pia kuwa walilipa gharama kubwa kwa miili yao, na gharama nyingine bado zinalipwa jikoni kwetu leo.

Kwa nini kuchimba peke yake hakutoshi

Chukua mfano wa jiwe lenye makali lililookotwa Bonde la Olduvai, mkoani Arusha. Kwa macho unaona jiwe lililovunjika. Huwezi kujua kama lilikata nyama, lilichonga mti au lilivunjika lenyewe.

Ukitengeneza jiwe kama hilo kwa kugonga jiwe kwa jiwe, ukalitumia kuchuna mnyama, kisha ukalinganisha alama zilizobaki kwenye makali na kwenye mifupa, unaanza kupata jibu. Louis Leakey, aliyefanya utafiti Olduvai kwa miaka mingi, alijulikana kwa kufanya hivyo mbele ya watu: alichonga zana ya jiwe na kuitumia kuchuna mnyama, ili waamini kwa macho yao kuwa jiwe lile ni kisu.

Namna hii ya kujifunza inawafaa sana watoto. Haihitaji mtoto ajue kusoma vizuri wala akariri miaka. Inahitaji swali, mikono na mtu mzima wa kusimamia.

Wazee wa Buhaya walioliwasha tena tanuru

Moja ya majaribio maarufu zaidi barani Afrika lilifanyika hapa Tanzania, katika nchi ya Wahaya, mkoani Kagera.

Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote kutoka Marekani, walikuwa wakichunguza mabaki ya matanuru ya kale ya chuma magharibi mwa Ziwa Victoria. Walikuta mavi ya chuma, vipande vya mabomba ya udongo na mashimo yaliyoungua. Baadhi yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Swali lilikuwa, watu wale waliyeyushaje chuma?

Jibu lilikuwa kwa wazee. Uyeyushaji wa asili ulikuwa umekoma miongo kadhaa nyuma, baada ya chuma cha bei nafuu kutoka ng'ambo kujaa sokoni. Hata hivyo walikuwapo wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo walipokuwa vijana. Wakaombwa wajenge tanuru kama walilolijua, nao wakalazimika kukumbushana hatua kwa hatua.

Walichimba shimo wakalipaka udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo unastahimili moto. Wakachoma matete ya bwawani ndani ya shimo mpaka yakawa makaa. Juu yake wakainua ukuta wa tanuru kwa mavi ya chuma ya zamani na udongo. Wakaingiza mabomba ya udongo manane, kila moja na mvukuto wake, wakajaza mkaa na mawe yenye chuma, kisha wakavukuta kwa saa nyingi.

Schmidt na Avery walichapisha matokeo yao mwaka 1978 katika jarida la *Science*. Waliripoti joto la zaidi ya nyuzi 1,800 za Selsiasi ndani ya tanuru, na kwamba chuma kilichotoka kilikuwa na kaboni, yaani kilikaribia au kufikia kiwango cha chuma cha pua. Hoja yao kuu ilihusu yale mabomba. Yalikuwa yameingizwa ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ilipata moto njiani kabla ya kuufikia mkaa. Huko Uingereza, James Neilson alipewa hataza ya kupuliza hewa iliyopashwa moto kwenye matanuru mwaka 1828.

Si wote waliokubali. Baadhi ya wataalamu walihoji kama hewa ile iliweza kupata moto kiasi hicho ndani ya bomba, na wakajibizana katika majarida ya kitaalamu. Ndivyo sayansi inavyokwenda, na mtoto anafaa kulijua hilo pia. Jambo ambalo halikubishaniwa ni kuwa wazee wale walijenga tanuru, wakaliwasha na wakapata chuma bila kitabu wala kipimo cha kiwandani. Tukio hilo limehifadhiwa katika filamu iitwayo *The Tree of Iron* ya mwaka 1988.

Kuna somo la kifamilia hapa. Kama swali hilo lingeulizwa miaka 20 baadaye, wengi wa wazee waliojua kazi ile kwa mikono wasingekuwapo. Elimu ile haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa ndani ya watu.

Mikono ya chuma, magoti ya shida

Sasa turudi kwenye kauli ya "hawakuumwa", tuanze na kazi iliyokuwa ya kila siku: kusaga.

Kabla ya mashine, nafaka ilisagwa juu ya jiwe bapa kwa kusukuma jiwe dogo mbele na nyuma. Anayesaga hupiga magoti, hukunja vidole vya miguu na kusukuma kwa uzito wa mwili wote. Bado zipo nyumba zenye jiwe la kusagia hapa nchini, hata kama siku hizi linatumika zaidi kwa karanga au limebaki nyuma ya nyumba.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza walichapisha utafiti uliolinganisha mifupa ya wanawake wakulima wa kale wa Ulaya ya Kati na mifupa ya wanawake wa sasa. Miongoni mwa wa sasa walikuwapo wanamichezo wa kupiga makasia, ambao mazoezi yao hukomaza mikono kwelikweli. Wanawake walioishi kama miaka 7,000 iliyopita walikuwa na mifupa ya mikono yenye nguvu kwa asilimia 11 hadi 16 kuliko ya wapiga makasia hao, na karibu asilimia 30 kuliko ya wanafunzi wa kawaida wa chuo.

Watafiti walieleza kuwa kusaga nafaka kwa mawe ni moja ya sababu zinazowezekana, pamoja na kulima na kuvuna kwa mikono. Katika jamii chache ambazo bado zinatumia mawe ya kusagia, walisema, mwanamke anaweza kusaga hadi saa 5 kwa siku.

Hapo kauli ya wazee ina ukweli. Mwili unaofanya kazi hujenga mifupa, na mtoto anayeshinda amekaa na simu anaikosa nafasi hiyo katika umri ambao mifupa yake inajengeka.

Lakini kuna upande wa pili. Kaskazini mwa Syria kulikuwa na kijiji cha kale kiitwacho Abu Hureyra, kilichochimbwa mwaka 1972 na 1973 kabla ya kufunikwa na maji ya bwawa. Mtaalamu wa mifupa Theya Molleson aliichunguza mifupa ya watu wake. Alikuta vidole gumba vya miguu vilivyoharibika kwenye maungio, na dalili za kuumia kwenye magoti na sehemu ya chini ya mgongo, hasa kwa wanawake. Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1994, ni kuwa walipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia saa nyingi, siku baada ya siku.

Meno nayo yalisimulia. Mawe yanaposuguana hutoa chembe za mchanga zinazoingia kwenye unga. Meno ya watu wale yalikuwa yamelika na mengine yamevunjika.

Kwa hiyo bibi alikuwa na mikono yenye nguvu, ndiyo. Alikuwa pia na magoti yaliyouma. Mtoto akiambiwa yote mawili ataelewa kwa nini kinamama hushangilia mashine ya kusaga inapofika kijijini.

Wiki 13 ndani ya moshi

Jaribio linalogusa afya moja kwa moja kuliko yote lilifanyika Denmark, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la *Indoor Air* mwaka 2015.

Nchini humo kuna nyumba zilizojengwa upya kwa mfano wa nyumba za Waviking, watu walioishi Ulaya ya Kaskazini kiasi cha miaka 1,000 iliyopita. Kwa wiki 13 za majira ya baridi, watu waliojitolea waliishi katika nyumba mbili za aina hiyo. Walipika na kuota moto wa kuni uliowashwa katikati ya nyumba, bila bomba la kutolea moshi. Watafiti wakaweka vipimo vya hewa.

Wastani wa chembechembe ndogo za moshi ambazo mtu mmoja alizivuta ulikadiriwa kuwa miligramu 0.41 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15, ambazo ni miligramu 0.015. Yaani waliojitolea walivuta zaidi ya mara 25 ya kiwango hicho. Karibu na moto wenyewe hali ilikuwa mbaya zaidi.

Watafiti walikiri kuwa huenda watu hao wa leo hawakujua kuutunza moto kama wenyewe wa zamani. Hata hivyo walihitimisha kuwa moshi lazima ulichangia matatizo ya afya enzi hizo.

Mzazi wa Kitanzania akiyasoma matokeo hayo hahitaji kusafiri miaka 1,000 nyuma. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha lipo hata leo, na mara nyingi pembeni yake kuna mtoto mchanga mgongoni mwa mama.

Kwa makadirio ya WHO, moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Kwa watoto wadogo, tishio kubwa ni nimonia. Ndiyo maana Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Hivyo unapomsimulia mtoto utamu wa ugali wa kuni, msimulie pia kikohozi cha aliyeupika.

Nafaka iliyofukiwa na haikuoza

Si kila jaribio linaleta habari ya maumivu. Jingine limethibitisha ujuzi ambao hata leo unalinda chakula cha familia.

Kusini mwa Uingereza wanaakiolojia walikuwa wakikuta mashimo mengi katika vijiji vya kale. Kuna wakati ilidhaniwa kuwa watu waliishi ndani yake. Baadaye ikaonekana kuwa yalikuwa ya kuhifadhia nafaka, lakini wengi walijiuliza: nafaka ikae shimoni msimu mzima wa mvua na baridi isioze?

Peter Reynolds, mkurugenzi wa kwanza wa shamba la majaribio la Butser lililoanzishwa mwaka 1972, aliamua kujaribu. Alichimba mashimo kama yale, akajaza nafaka, akaziba mdomo kwa udongo na kuyaacha majira yote ya baridi. Alipoyafungua, sehemu kubwa ya nafaka ilikuwa salama na iliota ilipopandwa.

Siri ilikuwa hewa. Punje chache zilizogusa kuta zenye unyevu zilianza kuota, zikatumia oksijeni iliyokuwamo na kutoa hewa ukaa. Oksijeni ilipokwisha, wadudu na ukungu havikuweza kuendelea.

Hii ndiyo kanuni ya mifuko ya kisasa inayofunga hewa, ambayo wakulima wengi nchini wanaitumia kuzuia dumuzi na fukusi bila dawa. Angalizo la afya ni moja: mfuko hauponyi nafaka mbichi. Mahindi na karanga lazima vikauke vizuri kwanza, la sivyo fangasi hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kupika.

Familia zinazohamia zamani kwa wiki moja

Mahali palipoifanya akiolojia hii kuwa jambo la familia ni Lejre, Denmark. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na Hans-Ole Hansen. Wanasayansi walijenga upya nyumba za Enzi ya Chuma, na baadaye familia za kawaida zikaanza kupokewa wakati wa likizo. Baba, mama na watoto huvaa mavazi ya kale, hulala kwenye nyumba hizo, husaga, hukata kuni na kupika wenyewe.

Wataalamu wa Lejre hawakuogopa hata kuharibu walichokijenga. Mwaka 1967 waliichoma moto kwa makusudi moja ya nyumba zao, wakaandika kila kilichotokea. Miaka 25 baadaye, mwaka 1992, palichimbwa upya kuona ni nini kimebaki ardhini. Kwa njia hiyo, mwanaakiolojia anayekuta nyumba ya kale iliyoungua ana cha kulinganisha nacho.

Hapa kwetu, familia inaweza kuanzia Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama jijini Dar es Salaam, palipojengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali. Mtoto akiinama kuingia mlangoni atauliza mwenyewe: mbona mlango mfupi? Moshi ulitokea wapi? Mifugo ililala wapi? Usikimbilie kumjibu. Muulize yeye anadhani ni kwa nini, na mngehakikishaje.

Majaribio matano ya kufanya nyumbani

Haya hayahitaji fedha nyingi. Chagua moja kwa wikiendi, na mpe mtoto daftari aandike alichodhani kabla na alichokiona baadaye.

*1. Kikombe cha unga.* Osha mawe mawili, moja bapa na jingine la kushika mkononi. Mpe mtoto kikombe kimoja cha ulezi au mtama asage huku saa ya simu ikihesabu. Mkimaliza, pigeni hesabu: familia yenu inakula vikombe vingapi kwa siku? Bibi angesaga kwa muda gani? Kisha korogeni kijiko cha unga huo kwenye glasi ya maji, muone kama kuna mchanga unaotangulia kuzama. Unga wa jaribio hili si wa kula.

*2. Mtungi na ndoo.* Weka maji kiasi sawa kwenye mtungi wa udongo usiopakwa rangi na kwenye ndoo ya plastiki, vyote kivulini penye upepo. Baada ya saa kadhaa mtoto aguse au apime kwa kipimajoto. Maji ya mtungi huwa ya baridi zaidi kwa sababu kidogo hupenya kwenye udongo na kukauka nje, yakiondoka na joto. Kama mtayatumia kwa kunywa, yawe yamechemshwa au kutibiwa, mtungi ufunikwe, na uwe na kata yake ya kuchotea.

*3. Chupa mbili za mahindi.* Tafuta mahindi makavu yenye wadudu wachache. Jaza chupa ya kwanza mpaka juu na uifunge kwa nguvu. Ya pili ifunike kwa kitambaa tu. Zikae mwezi mmoja, kisha mlinganishe wadudu walio hai na punje zilizotobolewa. Mahindi yakionyesha ukungu yatupwe, asipewe hata kuku.

*4. Kitambaa cheupe.* Hili lifanywe na mzazi. Tundika kitambaa cheupe kibichi jikoni mnapopikia kuni au mkaa, na kingine chumbani. Jioni viweke pamoja mbele ya watoto. Waulize hewa ya wapi iliingia kwenye mapafu ya nani.

*5. Nionyeshe, bibi.* Mkienda kwa babu au bibi, mtoto asiombe kusimuliwa tu. Amwombe amwonyeshe: kusuka ukili, kufinyanga chungu, kupepeta kwa ungo, kukoleza moto bila kuupuliza sana. Mtoto mmoja ajaribu kufanya, mwingine arekodi kwa simu. Atagundua haraka kuwa mkono wa bibi unajua mambo ambayo bibi mwenyewe hajui ayaelezeje kwa maneno.

Mambo ya kuzingatia

Yapo ya zamani ambayo hayapaswi kujaribiwa na mtoto.

Usimpe maziwa yasiyochemshwa kwa sababu tu wahenga walikunywa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemshe kwanza, kisha uyagandishe kwenye kibuyu safi ukipenda.

Usimwonjeshe mizizi, majani au uyoga wa porini kwa kigezo cha kujifunza dawa za asili. Figo na ini la mtoto ni vichanga, na kipimo kinachomfaa mtu mzima kinaweza kumdhuru.

Kugonga jiwe kwa jiwe kutengeneza makali ni kazi ya mtu mzima aliyevaa miwani ya kukinga macho, watoto wakiwa mbali. Vipande vinavyoruka vina ncha kama za chupa iliyovunjika.

Moto wa majaribio uwashwe nje, penye hewa, na usichochewe kwa plastiki. Mtoto mwenye pumu na mtoto mchanga wakae mbali na moshi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa wakati wa kulala, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kipi kichukuliwe, kipi kiachwe

Ukiyapima majaribio yote haya, kauli ya "zamani hawakuumwa" haisimami. Waliumwa magoti, meno na vifua. Lakini haifai kutupwa yote. Walijua kuhifadhi nafaka bila dawa, kupoza maji bila umeme na kupata chuma kutoka kwenye udongo. Miili yao ilifanya kazi, na mifupa yao inathibitisha.

Mtoto anayejifunza somo la Historia ya Tanzania na Maadili darasani anaweza kuyafanyia mtihani yale aliyoyasoma, kwenye uwanja wa nyumba yenu. Akisaga kikombe kimoja cha ulezi kwa jasho lake, atamheshimu bibi yake bila kuambiwa na ataelewa kwa nini nyumba inahitaji jiko lisilo na moshi.

Kama bibi huyo bado yupo, anza na jaribio la tano. Mawe na mitungi vitasubiri.